Kaza ya Kulia

Sehemu ya saba

Tulimwacha mtu chini ya gari, na si uungwana kumwacha mtu chini ya gari wiki nzima. Turudi haraka.

Ni Alhamisi, saa saba mchana, na gereji imefungwa watu wakale. Geji, yule binti anayeitwa hivyo kwa sababu hatembei bila kipimo chake cha upepo wa tairi, amelala chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari lake la bluu. Mlango mdogo wa nyuma umefunguliwa taratibu. Viatu vya njano vimeingia, vimenyata, vimesimama karibu na sikio lake.

Mtaa mzima una mtu mmoja tu wa viatu vya njano. Ni Moshi, mtoto wa mjomba wake.

Kwa aliyeingia leo, habari yenyewe ni fupi. Mjomba, mwenye gereji, amesema amechoka kulala chini ya magari, sasa anataka kulala kitandani. Jumamosi saa kumi jioni, Moshi na Geji watashindana mita mia mbili kwenye barabara ya ndani ya kile kiwanda kilichofungwa. Atakayetangulia anakabidhiwa ufunguo wa gereji. Moshi akiupata, gereji inageuka duka la maspika ya magari. Rangi ya kibao ameshaichagua. Geji akiukosa, hana pa kwenda na spana zake. Aliwahi kuzunguka gereji nne akiomba kazi. Tatu zilidhani ameleta chakula cha mafundi. Ya nne ilimpa ufagio.

Sasa magoti ya Moshi yakashuka sakafuni, mkono ukafika kwenye tairi ya nyuma, kizibo cha valvu kikafunguliwa.

Geji akabana pumzi. Alijua kinachofuata. Atatoa upepo wote, tairi zilale kama chapati.

Kompresa ikanguruma. Moshi hakutoa upepo. Aliongeza.

"Kunywa, mtoto wa shangazi," akawa anaiambia tairi kwa sauti ya kubembeleza. "Kunywa ushibe."

Ule ulikuwa ubaya wenye akili, na Geji hakutegemea akili kutoka upande ule. Asubuhi ile alikuwa amepunguza upepo wa nyuma kwa makusudi. Tairi laini hulala chini na kuishika barabara kwa kiganja kizima. Tairi ngumu huigusa kwa ncha ya kidole, na gari la mashindano likiondoka kwa ncha ya kidole, linabaki kupiga kelele palepale.

Simu ya Moshi ikaita. Akaiweka spika, kwa kuwa mkono mmoja ulishika mpira wa upepo.

"Uko wapi?"

Nusura Geji agonge kichwa kwenye ekseli. Ilikuwa sauti ya mjomba. Mjomba yuleyule aliyeapa mbele ya watu kwamba hatamsaidia yeyote, hata apigiwe magoti.

"Niko kwa kinyozi, baba."

"Kinyozi gani ana kompresa?"

"Anawakaushia watu nywele."

"Haya, sikiliza. Nimekutana na yule rafiki yangu aliyekuwa dereva wa mbio. Anasema gari lenye nguvu kama lako likiondoka kwa kishindo, injini inalipinda. Tairi moja ya nyuma inakandamizwa, nyingine inanyanyuka na kuzunguka bure. Ndiyo maana unatoa moshi mwingi na hufiki popote."

"Ndilo jina langu, baba."

"Jina siyo kazi. Kaza springi ya nyuma, ya kulia. Umesikia? Nyuma, ya kulia."

"Ya kulia."

"Ya kulia. Na mwambie huyo kinyozi kompresa yake inalia, aitie oili."

Simu ikakatika. Moshi alipotaka kuirudisha mfukoni, ikamponyoka, ikagonga sakafu, ikateleza chini ya gari na kusimama pua kwa pua na Geji.

Mkono ukaingia kuitafuta. Ukapapasa boksi. Ukapapasa spana. Vidole vilipobakiza nusu shubiri kufika shavuni, Geji akaisukuma simu kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikaingia kwenye kiganja kilichokuwa kinaitafuta.

"Sakafu hii imeinama," Moshi akajisemea. "Nikishinda naipiga saruji upya."

Sasa hapa ndipo pa kuelewa, maana mengine yote yametoka hapa. Katika gereji ile hakuna anayesema kushoto wala kulia. Fundi akilala chali kichwa kikiwa upande wa injini, kulia kwake ni kushoto kwa dereva, na mara mbili watu walishafungua gurudumu lisilokuwa na kosa. Mjomba akayapiga marufuku maneno hayo. Tangu siku hiyo ni upande wa dereva na upande wa abiria, basi. Neno kulia likabakiwa na kazi moja, kazi ya kelele. Gari likija na kelele, mjomba anaandika kwa chaki kwenye boneti: inalia mbele. Au: inalia nyuma.

Kwenye simu mjomba alirudia tu maneno ya dereva wa mbio, akaisahau sheria yake mwenyewe. Lakini Moshi alizaliwa nyuma ya gereji hiyo. Lugha yake ndiyo hiyo.

Akaliendea gari lake jeupe. Geji akaviona, kupitia uwazi wa chini, viatu vya njano vikizunguka. Moshi, kwa kuhakikisha tu, akaanza kubonyeza kona moja ya mbele kwa viganja viwili, akatega sikio. Kimya. Akabonyeza ya pili. Kimya. Akaja nyuma, upande wa kulia, ule hasa uliotajwa, akabonyeza. Kimya. Akahamia kushoto, akabonyeza.

Kwiii.

"Kumbe mliaji ni wewe," akasema kwa upole, kama daktari aliyepata jino bovu.

Akachukua spana kubwa, akaikaza nati inayobana springi ya kushoto mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Geji aliuma kola ya ovaroli ili asicheke. Aliiuma mpaka viatu vya njano vikatoka, mlango ukafungwa, hatua zikapotea mtaani. Kisha akajitoa chini ya gari, akapima tairi zake. Kipimo kikasoma arobaini na mbili. Akashusha mpaka kumi na nane, akarudisha vizibo, akaketi.

Kicheko hakikudumu. Mjomba amempa Moshi siri. Damu nzito kumbe, akawaza, na mimi wa dada yake ni maji ya rejeta. Akaamua jambo moja: atanyamaza. Hatagusa gari la mtu, hatamwibia mtu, hatamsema mtu. Atanyamaza tu, na Jumamosi Moshi atajionea mwenyewe.

Ni ubaya mdogo sana, kunyamaza. Hauhitaji hata spana.

*

Ijumaa asubuhi mjomba aliingia gerejini akitazama nyuma kama mtu aliyeiba kuku.

"Mpwa wangu, njoo. Nina neno, lakini hukulisikia kwangu."

Geji akaenda, uso umemvimba.

"Springi ya nyuma ya kulia. Ipe nguvu zaidi kidogo kuliko ya kushoto."

Geji akamtazama.

"Mbona hushangai?" mjomba akauliza.

"Nilishapachika vipande vya raba kati ya mikunjo yake tangu Jumatatu."

"Nani alikwambia?"

"Tairi yenyewe. Nilipojaribu kuondoka kwa nguvu, ya kulia iliacha alama nyeusi chini. Ya kushoto haikuacha kitu. Nikajua ya kulia ndiyo inayoning'inia na kuzunguka bure."

Mjomba akakuna kidevu. "Na mbele umefanyaje?"

"Nimelegeza shokapu za mbele, pua inyanyuke haraka. Pua ikinyanyuka uzito unarudi nyuma, kama abiria wa pikipiki dereva akivuta mafuta ghafla. Uzito ukishakalia tairi za nyuma, haziwezi kuteleza."

"Mbele umeweka upepo kiasi gani?"

"Mwingi. Zile kazi yake kubingirika tu."

"Basi nimemchotea maji mwenye kisima," mjomba akasema. "Haidhuru. Moshi nilimwambia jana kwa simu, na wewe nimekwambia leo. Asije mtu akasema nilipendelea."

Hasira yote ya tangu jana ikamtoka Geji kama upepo kwenye tairi iliyokanyaga msumari. Mahali pake ikakaa aibu.

Mjomba akawa anaondoka, akageuka. "Halafu, usiwe na wasiwasi na mkaza mjomba wako kesho. Ameshachagua pa kukaa. Upande wa kulia wa barabara, kwenye kivuli cha ukuta. Amekwenda na kiti kabisa kupajaribu."

Spana ikamwangukia Geji mguuni, na hakuisikia.

Gari lililokazwa kushoto na kulegea kulia, likiondoka kwa kishindo, linasukumwa na gurudumu moja tu, la kushoto. Gari linalosukumwa na gurudumu la kushoto halinyooki. Linageukia kulia. Linakwenda kwenye kivuli cha ukuta, atakapokuwa mama yake Moshi na kiti chake.

Kutwa nzima Geji alimtafuta Moshi. Safari hii alikuwa kwa kinyozi kweli, akinyolewa kwa ajili ya picha ya ushindi, na simu ameizima asiharibiwe kichwa.

*

Alimpata Jumamosi asubuhi, akipangusa kioo cha gari kwa shati lake la zamani.

"Binamu, umekaza siyo."

"Nini siyo?"

"Springi ya nyuma. Umekaza ya kushoto. Mjomba alisema ya kulia."

Moshi akaendelea kupangusa. "Nimekaza inayolia."

"Siyo inayolia. Ya kulia."

"Ndiyo. Ya kulia. Ile inayolia."

"Kulia mkono, binamu. Upande wa dereva, mkono huu."

"Mkono wangu haulii."

"Mkono unaolia chakula."

Moshi akasimama wima. "Sasa chakula kimeingilia wapi? Mtoto wa shangazi, sema unachotaka. Unataka niilegeze niliyoikaza, nikaze isiyolia, halafu saa kumi ucheke."

"Nataka usimgonge mama yako."

"Kwanza, umejuaje nimekaza ipi?"

Geji angesema alikuwa chini ya gari, ingembidi aseme pia alisikia tairi zake zikinyweshwa upepo, na wangepigana mpaka saa kumi. Akasema, "Nimesikia tu."

"Umesikia tu." Moshi akatikisa kichwa kilichonyolewa. "Mtu anakutakia mema siku ya mashindano? Hata mimi nisingekutakia mema, na mimi ni mtu mzuri."

Akaingia garini, akafunga kioo, akaongeza muziki. Muda si mrefu akawasha gari akaondoka nalo, na hakusema anakwenda wapi.

*

Saa kumi kasoro robo. Barabara ya kiwanda imefagiwa. Mwalimu mstaafu, aliyewafundisha wote wawili kusoma na hakufurahia hata mmoja, ameshika kitambaa cheupe kwenye mstari wa kuanzia. Gari la bluu kushoto, gari jeupe kulia. Mjomba amesimama kando, ufunguo wa gereji unaning'inia shingoni mwake kwa uzi wa viatu.

Na kwenye kivuli cha ukuta, mkaza mjomba ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, mwavuli mkononi.

Geji akashuka garini, akamkimbilia.

"Mama, hamia upande ule."

"Upande ule kuna jua, mwanangu."

"Upande huu kuna Moshi."

"Moshi ni mwanangu."

"Ndiyo maana."

Mkaza mjomba akamtazama usoni, kisha akamtazama mwanawe, aliyekuwa anakanyaga mafuta huku anajipiga picha. Akainuka bila neno la pili, akabeba kiti. Watu waliokuwa karibu naye, kuona mama wa dereva anahama, nao wakahama. Ukuta ukabaki na mapipa matupu ya plastiki tu.

Kitambaa kikaanguka.

Gari la bluu likanyanyua pua kama mbwa aliyesikia jina lake, likakalia makalio, likaondoka. Hakukuwa na moshi wala kelele. Wengine walidhani halijaondoka mpaka walipoona halipo.

Gari jeupe lilipiga yowe. Moshi mweupe ukapanda mpaka Mwalimu akapotea na kitambaa chake. Ndani ya moshi ule kitu kikaonekana kinageuka. Kwanza ikaja pua ikitazama ukuta, kisha ubavu, kisha makalio, kisha pua tena. Yakafuata mapipa, moja, mawili, sita, yakibingirika barabarani kama yameitwa kazini.

Moshi ulipoisha, gari jeupe lilikuwa limesimama kwa upole sana, limetazama lilikotoka. Halikuwa na hata mkwaruzo. Dereva wake alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na bado alikuwa anakanyaga breki.

Geji alikuwa ameshafika mwisho, amegeuza, amerudi, amezima injini. Akamwendea mjomba, mkono wake ameutanguliza mbele kidogo, kwa adabu.

Mjomba akashika ufunguo. Akaufungua uzi nusu.

"Baba, usimpe." Moshi alikuwa amefika, anatembea kwa duara. "Alijua. Asubuhi aliniambia nimekaza siyo. Alijua!"

"Alikwambia?"

"Aliniambia."

"Na hukumsikiliza."

"Nilimsikiliza. Sikumwamini."

Mjomba akamgeukia Geji. "Ulimwambia leo asubuhi. Ulijua lini?"

Geji angeweza kusema leo. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa hajazoea kudanganya watu wakimtazama.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Nilikuwa chini ya gari langu. Nilimwona anakaza."

Moshi akaacha kuzunguka. Akawa anahesabu kichwani, na kwa kila alichokumbuka, uso ulizidi kubadilika. Boksi. Spana. Sakafu iliyoinama.

"Chini ya gari lako?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilikurudishia simu."

"Na yeye alikuwa anafanya nini karibu na gari lako?" mjomba akauliza.

Mkaza mjomba, kutoka juani, akajibu kwa wote wawili: "Mwulize kinyozi mwenye kompresa. Uliniambia mwenyewe, mume wangu, na nilijua papo hapo."

Ikatoka yote. Upepo arobaini na mbili, siku mbili za kunyamaza, mkono unaolia chakula. Watu walicheka mpaka Mwalimu akaomba kitambaa chake kitumike kufutia macho. Mjomba peke yake hakucheka. Akaufunga tena uzi shingoni.

"Mmoja aliharibu gari la mwenzake kwa mikono," akasema. "Mwingine aliliacha la mwenzake liharibike kwa kufunga mdomo. Mimi simpi gereji mtu wa namna hiyo, wala wa namna ile. Mteja akiniletea gari, hatujui kama atakuwa ndugu au adui. Gari ni gari." Akanyoosha kidole kwenye lile la bluu, kisha kwenye lile jeupe. "Mtarudia. Kila mmoja atapanda gari alilolitakia mabaya. Mna nusu saa ya kulitengeneza. Atakayetangulia, huyo."

Geji akaligeukia la bluu. Gari lake, alilolipanga mwezi mzima, kila nati kwa mkono wake, sasa ni la Moshi. Lake yeye ni lile linalogeukia ukuta.

Lakini nusu saa si haba. Kulegeza ya kushoto, kukaza ya kulia, kupunguza upepo wa nyuma. Dakika kumi, kumi na mbili. Akachukua jeki na spana, akanyanyua gari jeupe nyuma, akaingia chini, akaweka spana kwenye nati ya kushoto, akavuta.

Haikusogea.

Akavuta tena, miguu miwili ameikanyagia gurudumuni. Spana ikapinda. Akawasha tochi ya simu, akatazama vizuri.

Nati haikuwa imekazwa tu. Ilikuwa imechomelewa. Nukta tatu nzuri za weldi, bado mpya zinang'aa. Akageukia ya kulia. Nayo imechomelewa, ikiwa imelegea vilevile kama ilivyokuwa.

"Binamu," akaita kutoka chini. "Hizi nati zimefanywa nini?"

Kichwa cha Moshi kikainama. Kilikuwa kimepauka. "Nilipita kwa mchomeleaji leo asubuhi."

"Kwa nini?"

"Uliniambia nimekaza siyo. Nikajua utakuja kuzigeuza kwa siri. Nikazifunga usizifungue."

Geji alilala pale akitazama weldi zile, na kwa mara ya kwanza maishani akajutia kusema ukweli. Gerejini angezikata kwa dakika tano. Hapa ana jeki, spana moja iliyopinda, kisu, na kipimo chake.

Ya kushoto hailegei. Ya kulia haikaziki. Basi ya kulia lazima iongezewe nguvu kwa njia nyingine, zaidi ya ya kushoto. Kitu kigumu kidogo, laini kidogo, cha kupachika kati ya mikunjo ya springi. Raba nene. Akageuza shingo kutazama nje, usawa wa ardhi, ambako hakuna kinachoonekana isipokuwa miguu ya watu.

Viatu vya ngozi. Viatu vya ngozi. Viatu vya njano, soli nyembamba. Na kule juani, jozi moja ya ndala nene, za raba nyeusi, zilizokatwa kutoka kwenye tairi la lori.

Akatoka chini ya gari mbio.

"Mama, vua ndala."

"Nini?"

"Ndala. Vua zote mbili."

"Na mimi nikanyage nini?"

"Panda juu ya kiti."

Mkaza mjomba akamtazama mumewe, mume akatazama pembeni. Akavua. "Nilihamishwa kivulini, sasa navuliwa viatu," akawaambia waliokuwa karibu. "Tukifika mbio za tatu nitabaki na mwavuli."

Geji akakata kanda kwa kisu, akachukua soli zile mbili, akalinyanyua gari mpaka springi ya kulia ikajinyoosha, akazisokomeza kati ya mikunjo, moja juu, moja chini, akazigonga kwa ngumi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Akalishusha gari taratibu. Springi ikazing'ata. Akabonyeza kona ile kwa viganja. Ngumu. Akabonyeza ya kushoto. Ngumu, lakini si kama ile.

Akashusha upepo wa nyuma mpaka kumi na nane. Akatazama saa. Zimebaki dakika mbili.

Akaingia nyuma ya usukani wa gari jeupe. Kiti kilinuka manukato ya kinyozi. Kulia kwake ukuta na mapipa. Kushoto kwake, likanyata mpaka mstarini, gari lake mwenyewe la bluu, pua juu kidogo, linanguruma kwa sauti aliyoijua kuliko sauti ya ndugu yake yeyote.

Akageuka amtazame Moshi.

Hakuwa Moshi.

Moshi alikuwa kule juani, nyuma ya mstari, ameinama, anatapika mizunguko yote ya mbio za kwanza, na mama yake anampulizia upepo kwa mwavuli kutoka juu ya kiti. Aliyekuwa ndani ya gari la bluu, mkanda ameshafunga, mikono ameiweka kwenye usukani kama mtu anayepasha moto vidole, ni mjomba.

"Mjomba, unafanya nini humo?"

"Mwanangu anazunguka bado. Naendesha kwa niaba yake."

"Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuondoka."

"Ndiyo. Na sikukufundisha yote." Mjomba akavuta uzi wa shingoni, ufunguo ukatokeza juu ya shati. "Nikishinda mimi, amepata Moshi. Ukiutaka huu, uje uuchukue kule mbele."

Geji akafunga mkanda. Ndani ya gari lile kulikuwa na kila alichokijua, na sasa kilikuwa miguuni mwa mtu anayejua zaidi. Chini yake yeye kulikuwa na weldi sita na ndala mbili.

Akaingiza gia ya kwanza. Mwalimu akanyanyua kitambaa. Injini mbili zikapanda pamoja, gari jeupe likatetemeka lote, na katikati ya mngurumo ule ikasikika sauti ya mkaza mjomba kutoka juu ya kiti, tulivu kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi.

"Geji, mbona ndala yangu moja imedondoka hapo chini?"

Kitambaa kilikuwa kimeshaachiwa.